Tathmini ya M-Pesa: ubora uko kwa wakala, udhaifu uko kwenye tili

Watu huisifu M-Pesa kana kwamba simu ndiyo inayofanya kazi yote. Simu haitoi noti. Anayetoa noti ni mhudumu aliyeketi nyuma ya wavu kwenye kibanda cha kijani, mwenye droo ya pesa, simu ndogo ya kazi na bango la ada ukutani. Huduma hii ya Safaricom ilizinduliwa Machi 2007, na kazi yake ngumu haijabadilika tangu hapo: kuhakikisha kuwa kilichotokea kwenye simu na kilichotokea kwenye kaunta ni kitu kimoja, na hakuna anayeondoka amepunjwa.

Tathmini hii inaangalia makutano hayo tu. Fuliza (kukopeshwa salio lisipotosha), mikopo na akiba tumeviweka kando. Ada na menyu zinazotajwa ni za Kenya. M-Pesa ya Vodacom Tanzania, iliyoanza 2008, ina ada na menyu zake. Kauli yetu ni hii: kwa wakala huduma imepangwa vizuri mno, dukani inategemea akili ya mwenye duka, na ndani ya matatu, yaani magari ya abiria, bado ni mvutano.

Sababu moja ya ubora wa upande wa wakala ni ya kihistoria. Majaribio yaliyoanza Oktoba 2005 Nairobi na Thika yalilenga watu kulipia mikopo midogo kwa simu, kupitia shirika la mikopo la Faulu. Washiriki wakaanza kutumiana pesa kwa shughuli zao wenyewe, na ndipo huduma ikasukwa upya kuwa ya kutuma pesa nyumbani. Mawakala wa kwanza walitoka miongoni mwa wafanyabiashara waliokuwa tayari wanauza kadi za muda wa maongezi. Duka lilikuwapo kabla ya menyu, na menyu ikabidi ifuate jinsi duka linavyofanya kazi. Huduma nyingi za leo huanzia kwenye programu ya simu, kisha mtu wa kaunta anatafutiwa nafasi baadaye, na huwa inaonekana.

Nani anabonyeza, nani anasubiri

Kanuni inayobeba kila kitu kwa wakala ni kwamba anayeachia pesa za simu ndiye anayebonyeza. Mteja akitoa pesa, salio linalopungua ni lake, kwa hiyo anabonyeza yeye. Akiweka, salio linalopungua ni la wakala, kwa hiyo anabonyeza wakala. Hakuna mtu anayeweza kuvuta pesa kutoka kwenye simu ya mwenzake. Jambo hilo dogo linaua nusu ya wizi ambao ungewezekana.

Kutoa huenda hivi. Mteja anaonyesha kitambulisho, anafungua menyu ya M-Pesa, anachagua Toa Pesa, anaingiza namba ya wakala iliyoandikwa ukutani, kisha kiasi, kisha pini yake. Ujumbe unaingia kwenye simu mbili kwa wakati mmoja: ya mteja na ya wakala. Wakala anasoma wa kwake, analinganisha jina na kitambulisho, anaandika, kisha ndipo anahesabu noti. Kuweka ni kinyume chake: noti zinakuja kwanza, wakala anazihesabu na kuzikagua, anaingiza namba ya mteja na kiasi, na mteja haondoki kaunta mpaka ujumbe wake uingie. Kuweka hakuna ada kwa mteja. Kiwango cha chini cha kutoa ni shilingi 50.

Kila upande una ushahidi wake mwenyewe, kwenye simu yake mwenyewe, kabla ya pesa taslimu kubadilisha mkono. Ukielewa hilo umeelewa kwa nini upande huu hufanya kazi hata kwenye kibanda kisicho na umeme, kwa simu ya vibonye, na bila intaneti.

Mambo huharibika pale mhudumu anapovunja mpangilio huo, na mara nyingi huuvunja kwa haraka au kwa kumwonea mteja haya. Kosa la kwanza ni kusoma ujumbe kwenye simu ya mteja. Mtandao unasumbua, foleni imekuwa ndefu, mteja anageuza simu na kusema "si huu hapa?" Ujumbe wa kughushi hutengenezwa kwa dakika moja. Mhudumu makini hasomi simu ya mtu. Anasubiri wa kwake, na usipoingia anaangalia kama salio la floti yake, yaani pesa zake za kazi zilizo kwenye simu, limepanda.

Kuna uchunguzi wa haraka ambao kila anayepokea pesa angepaswa kuujua. Namba ya muamala ina herufi na tarakimu 10, na tatu za mwanzo ni tarehe. Ya kwanza ni mwaka: S ni 2024, T ni 2025, U ni 2026. Ya pili ni mwezi, A kwa Januari mpaka L kwa Desemba. Ya tatu ni siku: 1 mpaka 9 kama zilivyo, kisha A ni tarehe 10, B ni 11, na kuendelea hadi V ambayo ni 31. Muamala unaoanza na TCF ulifanyika tarehe 15 Machi 2025. Mtu akikuonyesha ujumbe wa "sasa hivi" wenye herufi za mwezi uliopita, mwambie asubiri. Uchunguzi huu hunasa matapeli wavivu tu, kwa sababu tapeli hodari atanakili herufi za leo. Ni chujio la kwanza, na ujumbe kwenye simu yako ndio ushahidi.

Kosa la pili ni namba ya wakala. Ikikosewa tarakimu moja, floti inaingia kwa wakala wa mtaa mwingine, na wakala aliye mbele yako hana la kufanya. Ujumbe wa kutoa hutaja jina na namba ya wakala aliyepokea, lakini wakati huo umeshabonyeza. Vibanda vizuri huandika namba kwa tarakimu kubwa, zikigawanywa mbilimbili au tatutatu, katika usawa wa macho ya mtu aliyesimama, upande ambao mwili wa mteja wa mbele hauuzibi. Vibaya huiandika kwa kalamu kwenye karatasi iliyofifia kwa jua, nyuma ya wavu, chini ya kalenda. Ni tofauti ya bei ya karatasi moja, na bado inashangaza ni vibanda vingapi vinaishindwa.

Floti, mahali menyu haioni

Wakala ana vyungu viwili vya pesa: taslimu kwenye droo na floti kwenye simu. Jumla yake haibadiliki kwa miamala ya wateja, ukiacha kamisheni. Kinachobadilika ni mgawanyo. Chukua wakala anayefungua asubuhi na 60,000 taslimu na floti ya 40,000. Mteja akitoa 20,000, anabaki na 40,000 taslimu na floti ya 60,000. Wakija wafanyabiashara watatu wa soko kuweka jumla ya 55,000, sasa ana 95,000 taslimu na floti ya 5,000. Anayefuata akitaka kuweka 8,000 hahudumiwi, ingawa droo imejaa pesa.

Mtaani penye biashara, watu huweka zaidi, kwa hiyo floti ndiyo inayoisha. Kijijini watu hutoa zaidi, hasa mwisho wa mwezi, siku ya soko na shule zinapofunguliwa, kwa hiyo noti ndizo zinazoisha. Kusawazisha kunataka safari ya benki au ya wakala mkuu: nauli, kibanda kufungwa, na hatari ya kubeba pesa njiani. Wakala aliye mbali na benki hulipa gharama hiyo kutoka kwenye kamisheni ileile anayopata mwenzake aliye jengo moja na benki. Huduma haijalitatua hili vizuri, na mteja ndiye anayeliona mwishoni, kama jibu la "sina floti" au "niko na elfu tano tu".

Menyu haijui wakala ana noti ngapi. Itakubali utoe 20,000 kwa wakala mwenye 3,000 kwenye droo, kwa sababu kwake hiyo ni floti inayoingia tu. Ukishabonyeza, pesa zako ziko kwake kwa njia ya simu na yeye hana cha kukupa. Njia ya haraka ya kutoka hapo ni wakala kukuwekea tena kiasi kilekile. Kuweka ni bure, lakini ada ya kutoa, ambayo kwa 20,000 ni shilingi 185, imekwenda. Kwa hiyo swali la "uko na elfu ishirini?" kabla ya kugusa simu ni sehemu halisi ya huduma, ingawa halimo katika menyu yoyote. Wateja na mawakala waliliziba pengo hilo wenyewe, kwa mdomo.

Ada: zinasomeka, lakini zina ngazi zake

Bango la ada ni kifaa bora kuliko linavyopewa heshima. Linamwambia mteja bei kabla hajabonyeza, na linamnyima mhudumu nafasi ya kubuni ada yake. Kwa ada zilizotumika tangu Julai 2023, kutoa kati ya shilingi 101 na 2,500 ni 29. Hadi 3,500 ni 52. Hadi 5,000 ni 69. Hadi 7,500 ni 87. Hadi 10,000 ni 115. Hadi 15,000 ni 167. Hadi 20,000 ni 185. Juu kabisa, kati ya 50,001 na 250,000, ni 309.

Ngazi hizo zimepimwa ili kugawanya pesa kusilipe. Kutoa 10,000 mara moja ni 115, na kutoa 2,500 mara nne ni 116. Ila kuna mapengo. Kwa mfano, 5,000 kwa mara moja ni 69, na 2,500 mara mbili ni 58. Shilingi 11 si kitu cha kupangia foleni mara mbili, na wakala anayegawanya muamala ili kuongeza kamisheni anavunja kanuni.

Kutuma kuna ada yake: 1,000 ni shilingi 13, na 5,000 ni 57. Mpokeaji akitaka noti, analipa tena kutoa. Ndiyo maana Wakenya husema "tuma na ya kutoa". Anayetaka mama apate 5,000 mkononi hutuma 5,069. Lakini 5,069 imepanda ngazi ya kutuma, ambayo sasa ni 78, si 57, na shilingi 69 zilizoongezwa zinamgharimu mtumaji 21 zaidi. Ni bora kutuma 5,000 kamili na 69 kando, kwa sababu kutuma shilingi 100 au chini ni bure. Huduma ingeweza kuweka kitufe kinachofanya hesabu hiyo.

Dukani, ushahidi uko kwa nani?

Lipa na M-Pesa ni rahisi kwa mteja: halipi ada kwenye namba ya tili, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo, na hahitaji chenji. Mfanyabiashara hukatwa asilimia 0.55 kwa malipo yanayozidi shilingi 200. Hapa, hata hivyo, ile kanuni ya ushahidi kwa pande mbili inalegea.

Kwa wakala, simu inayopokea ujumbe iko mkononi mwa anayehudumu. Dukani, mara nyingi ujumbe huenda kwa mwenye tili, naye yuko nyumbani au dukani kwake kwingine. Msichana wa kaunta hana chochote cha kuangalia. Anabaki na maneno mawili, "nionyeshe meseji", yaani analazimika kufanya lilelile ambalo wakala anakatazwa. Kisha jioni hesabu inapungua, na anaulizwa yeye.

Dawa ipo na haina gharama kubwa. Kwanza, mhudumu wa kaunta awe mpokeaji wa ujumbe wa malipo; programu ya M-Pesa ya biashara inamruhusu mwenye tili kuongeza wahudumu wanaoona malipo yanayoingia bila kuwapa uwezo wa kuzitoa pesa hizo. Pili, kila kaunta iwe na tili yake, hasa ikiwa duka lina milango miwili, vinginevyo malipo mawili ya 350 yakiingia dakika moja hakuna anayejua ni ya nani. Tatu, simu ya kazi ibaki dukani, imechajiwa, na isiwe ya mtu. Haya matatu yanatosha kwa duka la mtaani, na hayahitaji mtaalamu.

Kisha kuna ukuta wenye namba nyingi. Duka moja linaweza kuwa na tili, Paybill ya benki, namba ya Pochi la Biashara na namba ya simu ya mwenyewe, zote kwenye karatasi moja. Kila moja hulipwa kupitia njia tofauti ya menyu: tili haiulizi akaunti, Paybill inauliza, Pochi hulipwa kwa namba ya simu na mteja hukatwa ada kama ya kutuma. Mteja akiingiza namba ya tili kwenye nafasi ya Paybill, anakataliwa, anajaribu tena, foleni inanuna. Ushauri wetu: namba moja kwenye kaunta, jina la biashara chini yake kama litakavyotokea kwenye simu, na neno moja la kusema ni njia gani. Jina ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Tili ikiwa imesajiliwa kwa jina la kampuni ambalo haliko popote dukani, mteja mwangalifu huona jina geni kwenye simu na kughairi, naye yuko sahihi.

Matatu ndiko mtihani ulipo. Makanga anakusanya nauli gari likienda, tili ni ya sacco (chama cha wenye magari) au ya mwenye gari, abiria wanne wanalipa kwa pamoja, na mmoja anashuka kwenye kituo kinachofuata. Hakuna muda wa kusubiri ujumbe wa mtu aliye mbali. Jaribio la kadi lilikwisha kufanyika: BebaPay, ya Google na benki ya Equity, ilianza 2013 na ikafungwa 2015. Mashine zilifanya kazi. Lakini gari huendeshwa kwa pesa taslimu za siku hiyohiyo, mafuta na malipo ya dereva na makanga yakiwamo, na mfumo unaopeleka nauli moja kwa moja kwa mwenye gari hauwezi kupendwa na anayeikusanya. M-Pesa ndani ya matatu hufaulu pale tu makanga anapopokea kwenye simu yake mwenyewe, na hapo mwenye gari ndiye anayelala macho.

Ombi linaloruka kwenye simu ya mteja

Maduka makubwa, maduka ya mtandaoni na hospitali wana njia bora: mhudumu anaingiza namba ya simu ya mteja na kiasi, ombi linaruka kwenye skrini ya mteja, naye anaweka pini tu. Hakuna namba ya kukosea. Kiasi kimewekwa na mfumo wa duka. Ikisukwa vizuri, hii ndiyo njia inayokaribia zaidi ubora wa wakala, kwa sababu mashine ya kaunta inapata uthibitisho wake yenyewe. Inapatikana kupitia Daraja, mlango wa waandishi wa programu ambao Safaricom iliufungua 2017.

Ikisukwa vibaya, watu hulipa mara mbili. Hutokea hivi: ombi linatumwa, simu ya mteja imezima skrini au mtandao ni hafifu, mhudumu haoni kitu, anatuma tena. Mteja anaweka pini kwa ombi la kwanza, kisha la pili linaruka, anaweka tena akidhani la kwanza lilikwama. Mfumo wa duka unapaswa kufunga kitufe cha kutuma mpaka jibu la ombi la kwanza lijulikane. Jibu hufika lenyewe kwenye anwani ya duka; lisipofika, mfumo uulize hali ya muamala, usikisie. Kutokupata jibu si sawa na kutokulipwa, na mifumo mingi ya kienyeji inakosea hapo.

Namba za makosa nazo zitafsiriwe kwa lugha ya kaunta. Namba 1032 ni mteja ameghairi. Namba 1037 ni simu yake haikufikiwa au hakujibu kwa wakati. Mwambie awashe skrini, asogee penye mtandao, kisha ndipo utume tena. Namba 1 ni salio halitoshi. Namba 2001 mara nyingi ni pini isiyo sahihi. Kuonyesha mhudumu "muamala umeshindikana" kwa zote nne ni uvivu wa mwandishi wa programu, na anayeulipia ni mteja aliyesimama na kikapu.

Mambo mengine ya kuangalia kabla ya kuuweka mfumo kaunta: kiasi hupokelewa kwa shilingi kamili, bila senti, kwa hiyo bili ya 347.50 ikatwe au ipandishwe na mfumo kabla ya kumtamkia mteja, si baada. Namba ya simu huingia ikianza na 254. Kaunta iruhusu mhudumu aandike 07 au 01 kama watu wanavyoitamka, na mfumo ubadilishe wenyewe. Rejea ya akaunti haizidi herufi 12, hivyo namba ndefu ya ankara haiingii nzima, na ukiikata mkia, huenda mkia ndio uliokuwa unaitofautisha na ankara nyingine. Risiti ya karatasi ichapishwe namba ya muamala wa M-Pesa. Mteja akirudi na bidhaa mbovu wiki ijayo, hiyo ndiyo kamba inayounganisha karatasi, simu na hesabu ya duka.

Na intaneti ya duka ikikatika? Mteja bado anaweza kulipa kwa tili kwa mkono, kwa kuwa simu yake haitegemei intaneti ya duka. Kwa hiyo kibao cha tili kisiondolewe kaunta siku mfumo wa kisasa wa maombi unapowekwa. Kiwepo daftari dogo la saa hizo: muda, kiasi, herufi nne za mwisho za namba ya muamala.

Paybill ina shimo lake. Mteja huandika namba ya biashara na namba ya akaunti: ya mwanafunzi, ya mita, ya nyumba. Kwa kawaida mfumo hukubali chochote kilichoandikwa kwenye nafasi ya akaunti, isipokuwa biashara imeomba ukaguzi wa awali uwashwe, ambapo mfumo wake huulizwa kwanza kama akaunti hiyo ipo na unaweza kukataa malipo. Shule nyingi hazijui kuwa ukaguzi huo upo. Matokeo yake ni mzazi mwenye ujumbe halali wa karo na mhasibu asiyemwona mwanafunzi, na mtoto katikati. Karani anayepanga Paybill mpya auombe siku ya kwanza. Na namba za akaunti ziwe fupi, zisizochanganya herufi O na sifuri.

Pesa zikienda kusikofaa

Hakikisha, ile hatua ya kuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka, imepunguza makosa mengi kwa gharama ya sekunde chache. Wanaobonyeza bila kusoma jina wanaitupa bure. Pesa zikishakwenda kwa mtu asiyehusika, ujumbe wote wa muamala unapelekwa kwa 456, au unafuata menyu ya *334#. Kasi ndiyo kila kitu: kilichobaki kwenye salio la mpokeaji kinaweza kuzuiwa, kilichotolewa au kutumika hakirudi kirahisi. Kumpigia mpokeaji kwanza na kumsihi ni kumpa taarifa kuwa ana pesa za kukimbiza.

Njia hii ya kurudisha iligeuzwa kuwa mtego kwa wachuuzi: mteja anakula, analipa, anaondoka, kisha anaomba malipo yarudishwe. Pochi la Biashara lilibuniwa likiwa na kinga dhidi ya hilo, kwani mteja hawezi kurudisha malipo peke yake bila mchuuzi. Kwa mama mboga anayepokea kwenye laini yake ya kawaida, hii pekee ni sababu ya kuhama, tena pesa za biashara hazichanganyiki na za nyumbani.

Laini yenyewe ndiyo ufunguo, na tapeli anayeweza kuihamishia kwenye kadi nyingine ana kila kitu isipokuwa pini. Kupiga *100*100# huifunga laini isihamishwe kwa mawakala, ili mabadiliko yafanyike kwenye duka la Safaricom penyewe. Ni dakika moja, na wakala mzuri angemwonyesha kila mteja mzee.

Lililobaki ni daftari la miamala la wakala. Pale linapotumika bado, kila mteja huandikiwa jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na kiasi, kisha anasaini kwenye ukurasa uliofunuliwa, chini ya mistari ya waliomtangulia. Aliye nyuma kwenye foleni anasoma nani ametoa 40,000 na namba yake ya simu. Halafu saa mbili baadaye mtu huyo anapigiwa na "huduma kwa wateja" bandia inayojua kiasi hasa alichotoa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na daftari lililofunuliwa kaunta halikai vizuri na sheria hiyo. Mpaka kumbukumbu zote zihamie kwenye simu ya wakala, kipande cha kadibodi kilichokatwa dirisha la upana wa mstari mmoja, kikiwekwa juu ya ukurasa, kinatosha kuficha mistari mingine.